Ndoa Baada ya Viza Kuisha: Adhabu Inayomngoja Anayeondoka

Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi, viza ikaisha, akakaa miaka saba bila karatasi, kisha akafunga ndoa ya kweli na raia wa nchi hiyo, anaweza kupata grini kadi bila kutia mguu nje ya jimbo analoishi. Mtu huyohuyo, mwenye mke yuleyule na ndoa ileile, akipanda ndege kwenda kumzika baba yake Muheza kabla maombi yake hayajakamilika, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 10. Kosa lake halijaongezeka. Hakuiba, hakughushi, hakumdanganya mtu. Ameondoka tu, jambo ambalo serikali imekuwa ikimtaka alifanye tangu siku viza yake ilipoisha.

Nalianza kwa namna hii kwa sababu mazungumzo ya ndoa na makaratasi miongoni mwetu, kuanzia Lowell na Minneapolis hadi Dallas na Seattle, yanazunguka imani mbili. Ya kwanza husema viza ikishaisha mlango umefungwa. Ya pili husema ukishafunga ndoa na raia umemaliza kazi. Imani zote mbili si kweli, na kila moja imevunja nyumba. Anayeamini ya kwanza hujificha miaka kumi na mitano akibeba maboksi usiku, ilhali mkewe raia angeweza kumwombea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Anayeamini ya pili hukata tiketi.

Sheria yenyewe inataka anayebadilisha hadhi, yaani anayeomba grini kadi akiwa ndani ya nchi bila kwenda ubalozini, awe aliingia kwa kukaguliwa na kuruhusiwa na afisa wa mpakani. Ushahidi wake ni muhuri wa uwanja wa ndege, na siku hizi kumbukumbu ya kielektroniki iitwayo I-94. Kisha sheria inawataja wasioruhusiwa kubadilisha hadhi, wakiwemo waliopitiliza viza na waliofanya kazi bila kibali. Halafu inawatoa kwenye katazo hilo jamaa wa karibu wa raia: mume au mke, mtoto aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, na mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21. Kwa hao, kupitiliza viza na kufanya kazi bila kibali peke yake hakuzuii maombi.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyapita haraka. La kwanza ni huo ukaguzi wa mpakani. Aliyevuka mpaka wa Mexico kwa miguu bila kukaguliwa hana kumbukumbu ya kuingia, na ndoa na raia haimpi. La pili ni uraia wa mwenzi. Mke wa mwenye grini kadi, ambaye viza yake imeisha, hana msamaha huu. Kwa kawaida anatakiwa asubiri mpaka mumewe aape kuwa raia, na mume mwenyewe huhitaji miaka mitano ya grini kadi kabla ya kuomba uraia. Nimesikia wanandoa wakilipa ada zote na kupeleka maombi yao mapema bila mtu wa kuwaambia hili.

Tena kuna mabaharia, na hili linawahusu sana watu wa mwambao. Kijana wa Mombasa au Unguja aliyeingia kwa viza ya baharia, meli ikatia nanga Houston au Baltimore, akashuka asirudi, hawezi kubadilisha hadhi kwa utaratibu huu hata akioa raia. Sheria imewatenga mabaharia kwa jina. Waliokwenda kwa viza ya J-1, ya mabadilishano ya masomo na kazi, hasa wale waliogharimiwa na serikali, wanaweza kubanwa na sharti la kurudi kwao miaka miwili kwanza. Na aliyeingia kwa viza ya uchumba ya K-1 ana siku 90 za kufunga ndoa na yule aliyemwombea. Wakigombana na akaolewa na raia mwingine, mlango wa ndani haumfungukii.

Sasa turudi kwenye adhabu. Ilitungwa na Bunge la Marekani mwaka 1996, Rais Bill Clinton akaitia saini Septemba 30, na hesabu ya siku ikaanza Aprili 1, 1997. Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka, anazuiwa kurudi miaka 3. Aliyekaa mwaka au zaidi anazuiwa miaka 10. Siku za kabla ya mtu kutimiza miaka 18 hazihesabiwi. Na aliyekaa zaidi ya mwaka, akatoka, kisha akajaribu kurudi kwa kujipenyeza mpakani, anafungiwa moja kwa moja, na hawezi hata kuomba msamaha kabla hajamaliza miaka 10 nje.

Waliotunga sheria hii walitaka kuwatisha watu wasipitilize viza. Mimi naiona imefanya kinyume chake, na sihitaji kitu kingine zaidi ya muundo wake kulionyesha hilo. Adhabu haimgusi mtu akiwa ndani. Inamkuta mara tu anapotoka. Kwa hiyo kila siku anayozidi kukaa inamwongezea sababu ya kutotoka. Kabla ya 1997, mtu aliyekosea muda angeweza kurudi nyumbani, mwenzi wake akamwombea, akahojiwa ubalozini, akaingia tena na karatasi zake bila kutumikia miaka yoyote nje. Baada ya 1997 njia hiyo ya uungwana ndiyo iliyowekewa adhabu.

Upande wa pili una hoja, na ni hoja ya haki: mbona wengine wanasubiri foleni huko Nairobi na Dar es Salaam, na huyu aliyevunja masharti ya viza anapewa? Ningekubaliana nayo kama foleni hiyo ingekuwepo. Lakini mke au mume wa raia hana foleni. Sheria haikuweka kikomo cha idadi kwa jamaa wa karibu wa raia kwa mwaka. Hakuna mtu wa Kisumu anayekosa nafasi kwa sababu kijana wa Morogoro aliyeko Columbus ameombewa na mkewe. Anayerudishwa nje miaka 10 hajampisha mtu yeyote. Ametenganishwa na mkewe, na mkewe ni raia ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, House of Lords, iliwahi kulitazama jambo linalofanana na hili mwaka 2008 katika kesi ya Chikwamba. Mwanamke wa Zimbabwe, mke wa mkimbizi na mama wa mtoto mdogo, alikuwa akitakiwa na serikali arudi kwao akaombe viza ya mwenzi kutoka huko. Majaji walisema si haki kuisambaratisha familia kwa sababu tu ya utaratibu wa kuomba ukiwa nje, hasa pale penye mtoto. Uingereza yenyewe ilikaza kamba baadaye: mwaka 2012 ikaweka kima cha kipato cha pauni 18,600 kwa anayemleta mwenzi, na Aprili 2024 ikakipandisha hadi 29,000. Lakini swali waliloliuliza majaji wale ndilo ambalo sheria ya Marekani ya 1996 haijawahi kulijibu: kumtoa mtu nje ili aombe kile anachostahili kupewa kunamfaidi nani?

Pahali sheria hii inapouma zaidi kwa watu wetu ni kwenye misiba. Simu inaita saa tisa za usiku, ya Boston au ya Houston. Ni kaka mkubwa. Mama amefariki. Kama ni familia ya Kiislamu ya Tanga au Lamu, maziko ni leo hiihii baada ya sala ya alasiri, maana maiti haiwekwi. Kama ni familia ya Bukoba au Machakos, kuna siku chache za mochwari, vikao na michango. Vyovyote iwavyo, aliyeko Marekani yuko mezani na bahasha ya risiti ya maombi yake ya grini kadi, fomu I-485, iliyofika wiki tatu zilizopita. Kwenye kikundi cha familia watu wanauliza anafika saa ngapi. Wengine wanasema maneno makali: amesahau kwao, pesa zimembadilisha. Hawezi kueleza, kwa sababu hajawahi kuwaambia kwamba hana karatasi.

Njia ya kusafiri ipo, nayo ni ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa fomu I-131 wakati maombi ya grini kadi yanasubiri. Mwaka 2012 bodi ya rufaa ya masuala ya uhamiaji iliamua, katika shauri la Arrabally na Yerrabelly, kwamba anayetoka na ruhusa hiyo mkononi hahesabiwi kuwa ameondoka kwa maana ya adhabu ya miaka 10. Ruhusa ya dharura kwa ajili ya msiba inaweza kuombwa. Lakini hata dharura ina siku zake za kushughulikiwa, na maziko ya alasiri hayasubiri ofisi ifunguliwe. Anayetoka bila ruhusa hiyo anahesabiwa kuwa ameyatelekeza maombi yake, na adhabu ya 1996 inamkuta papo hapo. Kwa hiyo wako watu waliozika wazazi kwa kutazama simu iliyoshikwa na mpwa kaburini, mtandao ukikatika. Aliyefanya hivyo hakuwa na moyo mgumu, na jamaa zetu nyumbani wanastahili kulijua hilo.

Baadhi ya wanaoogopa hawana hata sababu ya kuogopa kiasi hicho. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida huandikiwa kwenye I-94 herufi D/S mahali pa tarehe, maana yake anaruhusiwa kukaa kwa muda wote anaosoma. Akiacha chuo kwa kukosa karo, amepoteza hadhi yake, lakini siku za adhabu hazianzi kuhesabiwa mpaka ofisi ya uhamiaji itoe uamuzi dhidi yake au hakimu aamue. Mwaka 2018 serikali ilijaribu kulibadilisha hilo, na mwaka 2020 mahakama ya shirikisho ikazuia. Mtu wa namna hii hawezi kuijua hali yake kwa kuuliza kanisani au kwenye kikundi cha simu. Anahitaji wakili mwenye leseni aisome karatasi yake yenyewe. Nasema wakili mwenye leseni kwa msisitizo, kwa sababu kila mji wenye watu wetu una mtu anayejaza fomu kwa malipo, na fomu iliyojazwa vibaya inamleta mteja mbele ya serikali bila kinga.

Kwa waliokwisha kunaswa na adhabu, kuna msamaha. Tangu Machi 2013 wanaotakiwa kwenda kuhojiwa ubalozini wanaweza kuuomba mapema wakiwa bado Marekani, kwa fomu I-601A, ili wasitoke wakiwa hawajui hatima yao. Kipimo chake ni kuthibitisha kwamba mume, mke au mzazi aliye raia au mwenye grini kadi atapata ugumu uliokithiri. Orodha hiyo imemwacha mtoto. Mtoto wa miaka sita, raia kwa kuzaliwa, mwenye pumu na anayelala akimsubiri baba yake, hatazamwi kama mtu anayestahili kuonewa huruma kwa haki yake mwenyewe. Wakili inabidi aeleze jinsi maumivu ya mtoto yanavyomtesa mama. Sijui namna ya kuitetea sheria inayomtaka mama athibitishe uchungu wake ili uchungu wa mwanawe usikike.

Mwaka 2024 palitokea jaribio la kuwawezesha waliovuka mpaka bila ukaguzi na wakaoa raia waombe grini kadi bila kutoka nchini. Rais Joe Biden alitangaza mpango huo Juni 18. Ulikuwa wa wenzi waliokaa nchini angalau miaka 10, na serikali yenyewe ilikadiria ungewafikia wenzi wapatao 500,000. Maombi yalianza kupokelewa Agosti 19, wiki moja baadaye jaji wa shirikisho huko Texas akausimamisha, na Novemba 7 akaufuta. Siku zile chache ziliwagharimu watu ada na, zaidi ya ada, majina na anwani zao walizoziandika kwa imani.

Yote hayo ni kuhusu anayeondoka. Anayebaki naye ana shida yake, na shida hiyo iko ndani ya nyumba. Ombi la I-130, fomu ya kumwombea jamaa ambayo maombi ya grini kadi huegemea, ni la mwenzi aliye raia. Yeye ndiye anayelifungua, na anaweza kulifuta. Mtu ambaye viza yake imeisha anaishi kila siku akijua kwamba ugomvi wa jikoni unaweza kumalizika kwa barua ya kufuta ombi. Wapo waume na wake wanaolitumia hilo wazi, na wapo waliovumilia vipigo kwa sababu waliambiwa, "Nikipiga simu moja tu, wewe kwenu." Hili linaniudhi kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii, kwa sababu tangu 1994 sheria imempa mtu huyo njia. Mume au mke anayeteswa na mwenzi aliye raia au mwenye grini kadi anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila mwenzi kujua. Wanaume nao wanahesabiwa. Maofisa hawaruhusiwi kumpa mtesaji habari za ombi hilo, wala kumhukumu mwombaji kwa maneno ya mtesaji peke yake. Na tangu 2009 mjane au mgane wa raia anaweza kujiombea ndani ya miaka miwili tangu mwenzi afariki, hata kama ndoa ilikuwa changa. Haya yalipaswa kusomwa kwenye mabaraza ya wanawake wetu na baada ya ibada, kama tunavyosoma matangazo ya michango.

Kuhusu ndoa ya makaratasi sitatumia maneno mengi. Ikigundulika, aliyeombewa anafungwa mlango maisha yake yote: hata akija kuolewa kwa mapenzi baadaye, ombi la ndoa hiyo ya pili haliwezi kukubaliwa. Jinai yake inafika kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 250,000. Hata hivyo mzigo wa udanganyifu wa wachache unabebwa na wanandoa wa kweli. Afisa anawauliza nani alilipa bili ya umeme mwezi uliopita, mama mkwe anaitwa nani, jana usiku walikula nini. Anataka mkataba wa nyumba wenye majina mawili na akaunti ya pamoja. Watu wetu wengi wameolewa kwa posa, mahari na nikaha, na kila mmoja ana akaunti yake kwa sababu kila mmoja anatuma pesa kwao. Ndoa yao ni ya kweli, ila haikuacha alama anazozitafuta afisa. Picha za siku ya posa, barua za wazee, ujumbe wa simu wa miaka yote, vyote vina nafasi kwenye faili.

Nikaha nayo ina jambo lake. Ikifungwa msikitini bila leseni ya ndoa ya kaunti, katika majimbo mengi serikali haiitambui, na uhamiaji hutazama kama ndoa inatambuliwa pale ilipofungwa. Aliyeacha mke nyumbani, au aliyeachana kwa talaka ya mdomo isiyosajiliwa, ataulizwa cheti. Kama ndoa ya kwanza haikuvunjwa kisheria, ya pili haipo machoni pa ofisi ile, na mke wa pili ndiye anayekuja kulijua akiwa kwenye kiti cha mahojiano.

Ndoa isiyotimiza miaka miwili siku maombi yanapokubaliwa hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili, utaratibu uliotoka kwenye sheria ya 1986. Katika siku 90 za mwisho wanandoa huomba pamoja masharti yaondolewe. Wakiwa wameshaachana, aliyeombewa bado anaweza kuomba peke yake akithibitisha kwamba waliingia kwenye ndoa kwa nia njema. Na raia anayetia saini kiapo cha kumtunza mwenzi wake, I-864, naye ajue anachotia saini: talaka haikivunji. Kinaendelea mpaka aliyeombewa awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka kumi, au ahame nchi moja kwa moja, au mmoja wao afariki.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu 2025. Agosti mwaka huo ofisi ya uraia na uhamiaji, USCIS, iliandika katika mwongozo wake kwamba ombi la familia, hata likikubaliwa, halimpi mtu hadhi wala halimkingi asifukuzwe. Mwishoni mwa mwaka ziliripotiwa habari kutoka San Diego za wenzi wa raia waliokamatwa walipofika kwenye mahojiano yenyewe. Burundi iliingizwa Juni kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, na Desemba Tanzania ikaongezwa. Kwa Mtanzania au Mrundi aliyeko ndani na ndoa yake, kutoka nje sasa kuna hatari mbili zilizopandiana.

Ndoa imebebeshwa mzigo huu wote kwa sababu Bunge la Marekani lilifunga milango mingine. Kulikuwa na kifungu cha 245(i), kilichomruhusu hata aliyeingia bila ukaguzi kulipa dola 1,000 za ziada na kumalizia mambo yake ndani ya nchi. Kinawafaa tu walioombewa kufikia Aprili 30, 2001. Kuna kifungu kingine kinachompa grini kadi mtu mwema aliyekaa nchini miaka mingi, bila kuhitaji mwenzi wala mwajiri, mradi aliingia kabla ya Januari 1, 1972. Tarehe hiyo ilisogezwa mara ya mwisho mwaka 1986 na haijaguswa tena. Tunao sasa maelfu ya Wakenya, Watanzania na Wakongo walioapa kuwa raia wa Marekani na wanaopiga kura. Wabunge huja kwenye sherehe zetu za Jamhuri na Muungano kupiga picha. Siku hiyo waulizwe mbele ya watu watapiga kura gani kuhusu kuisogeza tarehe ya 1972, na kuifuta adhabu ya 1996 kwa wenzi wa raia.